Kuongeza nguvu za injini kwa kompyuta: waranti ya gari jipya inabaki au inaondoka?

Msomaji wetu wa Newala anaeleza kwamba mwaka jana alinunua pikapu mpya ya dizeli, yenye turbo na giaboksi ya mkono, na kwamba hadi sasa imetembea kilomita 30,000 na kidogo. Waranti yake ni ya miaka 3 au kilomita 100,000, kimojawapo kitakachotangulia. Msimu wa korosho uliopita aliliona gari linachoka likiwa na mzigo, hasa linapopanda uwanda wa juu wa Makonde kutokea upande wa bonde la Ruvuma, na sasa fundi mmoja anayezunguka mikoa ya kusini amemwahidi kwamba kwa muda wa saa chache, akitumia kompyuta yake tu, ataongeza nguvu za injini kwa asilimia 25 bila kubadilisha kifaa hata kimoja. Fundi huyo amemhakikishia pia kwamba kila inapokaribia siku ya sevisi atairudisha programu ya awali, na kampuni iliyouza gari haitajua lolote. Msomaji anauliza kama waranti yote itakufa akikubali kazi hiyo, na kama ni kweli kwamba kampuni haitajua.

Waranti haifi yote kwa siku moja, lakini sehemu inayokufa ndiyo yenye thamani kubwa zaidi, yaani injini, turbo, nozeli, pampu ya dizeli, klachi na giaboksi. Na kuhusu swali la pili, ahadi ya fundi si ya kweli. Naomba msomaji anivumilie nieleze kwa kirefu, kwa sababu uamuzi huu unahusu gari ambalo huenda ndilo mtaji wake wote.

Katika injini ya dizeli ya siku hizi, dereva anapokanyaga mafuta huwa anatuma ombi tu. Kompyuta ya injini, ambayo mafundi wengi huiita kontroboksi, hupokea ombi hilo, husoma joto la maji, wingi na joto la hewa inayoingia, presha ya turbo na kasi ya injini, kisha huamua nozeli zifunguke wakati gani na kwa muda gani, presha ya dizeli iwe kiasi gani kabla haijafika kwenye nozeli, na turbo isukume hewa kiasi gani. Maamuzi hayo hufuata majedwali ya namba yaliyopangwa na mtengenezaji baada ya majaribio marefu. Anachofanya fundi wa kuongeza nguvu ni kuyanakili majedwali hayo, kupandisha baadhi ya namba, kulegeza mipaka iliyowekwa, na kulirudisha faili jipya ndani ya kompyuta. Kwa injini ya dizeli yenye turbo, ongezeko la asilimia 20 hadi 30 linawezekana kabisa, na katika hili fundi wako hakudanganyi. Kwa injini ya petroli isiyo na turbo ongezeko huwa dogo mno, na mwenye gari la aina hiyo asitoe fedha yake.

Swali ambalo wateja wengi hawaulizi ni kwamba nguvu hizo mpya zimetoka wapi, maana hakuna kifaa kilichoongezwa. Zimetoka katika akiba. Mtengenezaji anaposanifu injini itakayouzwa katika nchi nyingi huacha nafasi kwa ajili ya joto la mahali kama Mtwara, kwa ajili ya chujio la hewa lililojaa vumbi kabla ya siku ya sevisi, kwa ajili ya dizeli iliyohifadhiwa kwenye madumu na kuingia maji, na kwa ajili ya dereva anayepakia kupita kiasi huku akiwa amekanyaga mafuta hadi mwisho kwa dakika nyingi mfululizo. Mara nyingine akiba hiyo huachwa makusudi kwa ajili ya kifaa kingine kabisa. Injini ya dizeli ya lita 2.8 ya Toyota Hilux, baada ya maboresho ya mwaka 2020, hutoa msukumo wa newtonmita 500 ikiwa na giaboksi ya otomatiki, lakini ikiwa na giaboksi ya mkono hutoa 420 tu. Injini ni ileile, ila mtengenezaji mwenyewe ameizuia kwa namba za kwenye kompyuta. Wewe una giaboksi ya mkono. Fundi akikuongezea asilimia 25 juu ya msukumo wa kiwandani, klachi ndiyo itakayokuwa ya kwanza kulipa, na katika mlima wa mchanga ukiwa na mzigo itaanza kuteleza na kunuka kabla injini yenyewe haijaonyesha dalili yoyote.

Injini nayo ina mahali pake pa kuumia. Pistoni za injini ndogo za dizeli kwa kawaida ni za aloi ya alumini, na alumini huyeyuka ikifika nyuzi 660 za Selsiasi, ilhali moto wa dizeli ndani ya silinda huzidi nyuzi 2,000. Pistoni inaishi kwa sababu moto huo hudumu kwa muda mfupi sana katika kila mzunguko, na kwa sababu joto linaondolewa bila kukoma kupitia ringi na oili inayorushwa chini yake. Dizeli ikiongezwa kuliko hewa iliyopo, mwako hurefuka, joto la moshi hupanda na ile nafasi ya kupoa hupungua. Nimewahi kushika pistoni iliyotolewa katika pikapu ya namna hii: uso wake wa juu ulikuwa na shimo la ukubwa wa ncha ya kidole karibu na mahali dizeli inapopigia, kingo zake zimelainika kama nta, na chembe za alumini zimegandamana kwenye ukuta wa silinda. Ukiona alama hizo, hakuna haja ya kubishana sana kuhusu chanzo. Ni joto na dizeli iliyozidi. Huenda nozeli mbovu ndiyo iliyofanya hivyo, na huenda ni programu iliyopandishwa. Na hapo ndipo ugomvi wa waranti unapozaliwa.

Tuiangalie basi waranti yenyewe. Waranti ni ahadi ya kimkataba kwamba kifaa kikiharibika kwa sababu ya kasoro ya malighafi au ya utengenezaji, kitatengenezwa au kubadilishwa bila malipo. Haijawahi kuwa ahadi kwamba gari halitaharibika, wala kwamba kila kinachoharibika kitalipiwa. Kitabu chako cha waranti, ambacho nakusihi ukisome chote usiku wa leo, kwa kawaida kitakuwa na ukurasa wa mambo yasiyohusika, na humo utakuta madhara yanayotokana na mabadiliko yasiyoidhinishwa, ajali, mashindano ya mbio, kuzidisha uzito na kukosa sevisi kwa wakati. Zingatia maneno yanavyosema katika kitabu chako. Vitabu vingine husema kwamba uharibifu uliosababishwa na mabadiliko hautalipiwa. Hapo kiyoyozi kikifa au kioo cha dirisha kikigoma kupanda, haki yako ipo palepale hata kama injini imeguswa. Vitabu vingine ni vikali zaidi na husema kwamba kubadilisha programu ya injini kunaondoa waranti ya mfumo wote wa injini na wa kupeleka nguvu kwenye magurudumu. Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa, na huwezi kuijua kwa kusikia kwa mtu.

Wasomaji kadhaa wamenitajia sheria ya Marekani ya mwaka 1975, ile inayoitwa Magnuson-Moss, wakisema kwamba kampuni hairuhusiwi kukataa kulipa mpaka ithibitishe kwamba kifaa cha nje ndicho kilicholeta uharibifu. Sheria hiyo ipo na inawasaidia wanunuzi wa huko, lakini haina nguvu Newala, na hata huko haimlindi mtu ambaye mabadiliko yake ndiyo yaliyoharibu injini. Kwetu utasimama juu ya mkataba wako, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inagusa pia ulinzi wa mlaji na kusimamiwa na Tume ya Ushindani. Jambo lenye manufaa kwako katika Sura ya 214 ni kwamba bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa hizo inapaswa kuwa na ubora unaostahili kuuzwa, na sharti hilo halitokani na kitabu cha waranti. Lakini Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inamtaka anayedai jambo alithibitishe. Ukiwa na gari ambalo halijaguswa, kuthibitisha kasoro ya kiwandani ni kazi ya kawaida: gari limefanyiwa sevisi kwa wakati, halikupinduka, halikuguswa, na pistoni imetoboka. Ukiwa na gari lililopandishwa nguvu, kampuni itaweka mezani karatasi moja iliyochapwa kutoka kwenye mashine ya kupimia, na kuanzia hapo wewe ndiye utakayetafuta mhandisi wa kujitegemea, umlipe, na umsafirishe kwenda kulikagua gari ambalo pengine limekokotwa hadi Dar es Salaam, kilomita 560 hivi kutoka Mtwara mjini, ukiachilia mbali kipande cha kutoka Newala.

Karatasi hiyo ndiyo inayojibu ahadi ya fundi kwamba hakuna atakayejua. Kompyuta nyingi za injini za siku hizi huhesabu ni mara ngapi programu imeandikwa upya ndani yake, na baadhi huhifadhi hata tarehe na utambulisho wa kifaa kilichotumika kuandika. Fundi akiweka faili lake, hesabu inapanda. Akirudisha la awali siku moja kabla ya sevisi, inapanda tena. Mashine ya kampuni ikikuta kwamba kompyuta imeandikwa mara nne wakati kumbukumbu zao zinaonyesha mara moja, tayari wanajua, hata kama faili lililomo siku hiyo ni lao kabisa. Kuna pia namba ya uhakiki ambayo kompyuta huikokotoa kutokana na faili lenyewe, na tarakimu moja ikibadilika katika majedwali, namba hiyo inabadilika. Zaidi ya hayo, injini ikiharibika njiani kati ya Tandahimba na Mtwara, hakuna nafasi ya kumwita fundi aje kulirudisha faili, na kompyuta itakuwa imehifadhi picha ya hali ilivyokuwa wakati taa ya injini ilipowaka: presha ya turbo, mzigo, kasi na joto. Kama presha iliyorekodiwa inazidi kiwango ambacho programu ya kiwandani huruhusu, hakuna maelezo yatakayosaidia.

Wapo wanaouza kiboksi kidogo kinachochomekwa kati ya sensa na kompyuta, wakisema hicho hakiachi alama kwa kuwa hakigusi programu. Ni kweli kwamba hesabu ya maandishi haipandi. Hata hivyo kiboksi hicho hufanya kazi kwa kuidanganya kompyuta kwamba presha ni ndogo kuliko ilivyo, na kwa maoni yangu ni njia mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu kompyuta inayodanganywa haiwezi kuilinda injini pale mambo yanapoharibika.

Alama nyingine huonekana kwa macho. Baadhi ya kompyuta haziwezi kuandikwa kupitia soketi ya chini ya usukani, kwa hiyo fundi huitoa kontroboksi na kuifungua kifuniko. Kiwandani kifuniko hicho hubandikwa kwa gundi ya mpira iliyomwagwa na mashine kwa unene uleule pande zote. Kikishafunguliwa kwa kisu na kubandikwa upya kwa silikoni ya dukani, mkaguzi hahitaji hata kuwasha mashine yake. Tatizo kubwa zaidi la kazi hiyo katika mikoa yetu ni hewa ya chumvi. Magari yanayolala Mikindani, Lindi mjini au Kilwa Masoko hupokea unyevu wa bahari kila usiku, na kifuniko ambacho hakikuzibwa sawasawa huruhusu unyevu huo kuingia hadi pini zinaota ukungu wa kijani. Gari linaanza kuzima bila sababu, taa zinawaka na kuzimika, na kompyuta mpya haitalipiwa na mtu yeyote isipokuwa mwenye gari.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko yote katika barua yako, na ambalo wewe umelipitia kwa sentensi moja. Unasema gari jipya linachoka mlimani. Je, limechoka kwa sababu ndivyo lilivyo, au lina hitilafu? Kama lina hitilafu, hiyo ndiyo sababu hasa ya kuwa na waranti, nawe unataka kuifunika hitilafu hiyo kwa programu mpya kabla haijapimwa. Bomba la hewa linalotoka kwenye turbo likiwa limelegea au kupata ufa mdogo, nguvu hupungua hasa wakati wa mzigo. Nozeli moja ikimwaga pungufu, au chujio la dizeli likiwa limeanza kuziba kwa maji na uchafu, dalili ni hiyohiyo. Anza na chujio la hewa. Katika msimu wa kupulizia mikorosho, pikapu nyingi za Newala na Tandahimba hubeba mifuko ya salfa na kupita mashambani mashine zikiwa zinapuliza. Unga ule ni laini mno, na ukichanganyika na vumbi la barabara hugandamana kwenye mikunjo ya chujio kiasi kwamba kulipiga chini na kulirudisha, kama wengi wafanyavyo, hakusaidii kitu. Litoe chujio, lielekeze kwenye jua, na kama mwanga haupiti, badilisha. Angalia pia kama ulibadilisha matairi ukaweka makubwa kuliko ya kiwandani, maana tairi kubwa huifanya kila gia iwe nzito na dereva hudhani injini imepungua nguvu. Na utuambie ukweli kuhusu mzigo: pikapu za aina hii husanifiwa kubeba tani moja hivi, pamoja na abiria waliomo, na ikiwa unapakia magunia ya korosho hadi yazidi kimo cha kabini, unapita kiwango ambacho kitabu cha waranti kimekikataza bila hata fundi kuigusa programu.

Kwa hiyo kabla minada ya Oktoba haijaanza, lipeleke gari kwa wakala aliyeidhinishwa na uandike malalamiko kwa maneno haya: gari linapungua nguvu likiwa na mzigo halali kwenye mlima, kasi fulani, gia fulani. Omba lipimwe barabarani likiwa na mzigo, maana kulipima likiwa limesimama uwanjani hakutaonyesha kitu, na omba nakala ya majibu. Wakikuta kasoro, itatengenezwa bure. Wasipokuta, unayo karatasi yenye tarehe inayoonyesha kwamba ulilalamika mapema, na karatasi hiyo itakuwa na thamani kubwa kama tatizo litajirudia siku chache baada ya waranti kwisha.

Ikithibitika kwamba gari ni zima na wewe bado unataka nguvu zaidi, muulize wakala kama mtengenezaji ana programu yake iliyoidhinishwa. Wapo waliowahi kufanya hivyo. Volvo, kwa mfano, iliuza maboresho ya Polestar ambayo yaliwekwa na mawakala wake na kuacha waranti ya gari ikiwa kamili. Ikiwa jibu ni kwamba haipo kwa gari lako, ushauri wangu ni kusubiri. Kwa mwendo ulionao, kilomita 100,000 au miaka 3 haiko mbali, na injini iliyotunzwa itakuwa imara vya kutosha kufanyiwa kazi hiyo baadaye, kwa kiwango cha wastani cha asilimia 10 hadi 15 badala ya 25, na ukiwa na klachi mpya.

Wale waliokwishafanya kazi hii wakiwa ndani ya waranti wasihangaike kuficha. Kampuni ikikugundua umeficha, hata madai yako yasiyohusiana na injini yatatazamwa kwa shaka. Mdai fundi faili la awali na stakabadhi inayoeleza alichobadilisha, fupisha kipindi cha kubadilisha oili, na injini ikipata hitilafu zima gari hapohapo. Usiiruhusu gereji yoyote kuifungua kabla haijakaguliwa na pande zote mbili, kwa kuwa injini iliyofunguliwa haina ushahidi tena. Dai likikataliwa, taka sababu kwa maandishi pamoja na karatasi ya mashine, omba vifaa vilivyoharibika vihifadhiwe, na kisha peleka malalamiko Tume ya Ushindani kama unaona uharibifu hauhusiani na programu. Bima kubwa nayo ina sehemu yake hapa: mkataba wa bima unakutaka useme ukweli wote kuhusu hali ya gari, na injini iliyopandishwa nguvu bila kutajwa inaweza kumpa mlipaji sababu ya kupinga fidia baada ya ajali. Mwandikie wakala wako wa bima kabla ya kazi, na uhifadhi majibu yake.

Wasomaji wenye magari yaliyotumika kutoka Japani, ambao ndio wengi, hawana waranti ya kupoteza, lakini habari za klachi, pistoni na hewa ya chumvi zinawahusu vilevile. Wao wapime kwanza hali ya injini, yaani presha ya silinda, nozeli na turbo, kwa sababu injini iliyokwishatembea miaka 10 au zaidi imekwishatumia sehemu kubwa ya ile akiba ambayo fundi anataka kuichota.

Kwako msomaji wa Newala, usimkubalie fundi huyo mwaka huu. Badilisha chujio, rudisha matairi ya kipimo cha kiwandani kama uliyabadilisha, pima mzigo kwenye mizani ya ghala la chama chenu cha ushirika, na lipeleke gari likapimwe. Ukipata karatasi ya majibu kutoka kwa wakala, tuandikie tena na uambatanishe nakala pamoja na ukurasa wa kitabu unaotaja mambo yasiyohusika na waranti, nami nitakueleza kila kipengele kina maana gani kwa gari lako.